Vuta N'kuvute: saa moja na nusu inatosha, au ilistahili tamthilia ya msimu mzima?

Msomaji wa Kariakoo
Wadau, kuna jambo linanikera na nataka tulizungumze waziwazi. Wiki hii nimeirudia filamu ya Vuta N'kuvute ya Amil Shivji, iliyotokana na riwaya ya Adam Shafi ya mwaka 1999. Mara ya kwanza niliitazama kwa fahari tu. Kitabu tulichosomeshwa kidato cha tano kimefika tamasha la Toronto mwaka 2021, na mwaka uliofuata kikapelekwa kuiwakilisha nchi kwenye Oscar, mara ya pili tu baada ya Maangamizi ya mwaka 2001. Mara hii nimekaa kama msomaji, na nimeinuka na njaa.

Si kwamba filamu ni mbaya. Picha zinavutia, taarabu imekaa mahali pake, na Mwajuma aliyechezwa na Siti Amina ni Mwajuma wa kitabuni hasa. Lakini saa moja na nusu! Kitabu kile kina Yasmin wa miaka 15 anayeozwa kwa Bwana Raza wa miaka 52. Kina Mombasa, kina Bukheti jirani mwenye subira, kina jela, kina Inspekta Wright na Koplo Matata wanaomwinda Denge, kijana anayepinga ukoloni, usiku na mchana. Filamu imeyachukua mapenzi ya Denge na Yasmin ikabaki nayo Unguja. Namwelewa mwongozaji, hana pa kuyaweka yote. Ndiyo maana nasema riwaya hii ilistahili tamthilia ya runinga, hata vipindi 30, Yasmin tumwone akikua mbele ya macho yetu.

Kwa nini vituo vyetu havizigusi riwaya? Nadhani jibu ninalo. Mwenye kituo akiitazama hadhira yake anaona watu wa tamthilia za Kituruki, wanaolia na Hürrem wa tamthilia ya Sultan kila usiku na hawawezi kukutajia waandishi watatu wa Kiswahili. Ukimpa mtu wa namna hiyo Adam Shafi, anahama chaneli kabla ya tangazo la kwanza.

Mama Wawili, Tabata
Kaka, umeandika vizuri mpaka ulipotufikia sisi. Mimi ndiye huyo mtu wa Kituruki. Shaaban Robert, Kezilahabi, Said Ahmed Mohamed, Penina Muhando, Ben Mtobwa. Umetaka watatu, nimekupa watano, na huyo Adam Shafi sijamhesabu. Tuendelee?

Nikwambie kinachotokea sebuleni kwangu. Mama mkwe wangu ni mtu mzima sana, shule aliishia darasa la nne. Enzi za Isidingo, ile ya Afrika Kusini kwa Kiingereza, pale ITV alikuwa anakaa na sisi, kila baada ya muda anauliza, "Kasemaje huyo?" Tunamjibu kwa mkato maana na sisi tunataka kusikia kinachofuata. Mwisho akachoka, akawa anaingia zake kulala. Ilipokuja Sultan ya Azam kwa Kiswahili, bibi huyohuyo akawa ndiye anayetusimulia sisi tuliochelewa kwenye foleni. Anajua nani kamfitini nani na mwana yupi ni wa mama yupi. Siku moja umeme ulikatika katikati ya kipindi, akakaa na kitochi mkononi akiwaeleza wajukuu anavyodhani mambo yataishia. Ulipowashwa, alikuwa amepatia karibu yote.

Sasa unataka kuniambia huyu bibi ndiye anayemzuia Adam Shafi asionyeshwe? Hakuna mtu aliyewahi kumpa Adam Shafi. Mpeni kwanza, ndipo mseme kahama chaneli.

Msomaji wa Kariakoo
Mama, sikumsema mkweo, nimesema soko lilivyo. Lakini kwa kuwa umeitaja Sultan, ile ni historia iliyopakwa rangi. Hata Erdoğan mwenyewe, aliyekuwa waziri mkuu wa Uturuki, aliilalamikia hadharani mwaka 2012, kwamba Sultani Suleiman alitumia miaka 30 ya maisha yake juu ya farasi, vitani, si ndani ya kasri na wanawake. Kwa hiyo tunamlea bibi na wajukuu kwa Uturuki isiyokuwepo, wakati Zanzibar iliyokuwepo imefungiwa kabatini.

Mama Wawili, Tabata
Na wewe umechagua kumwamini mwanasiasa kuhusu tamthilia. Haya.

Mtoto wa Ng'ambo
Assalaam aleikum. Mie Waturuki sina ugomvi nao. Ugomvi wangu ni filamu, na hapa hakuna alosema kitu chenyewe. Lafudhi!

Nimezaliwa Ng'ambo, mtaa wa hapa Unguja mjini, nimekulia Ng'ambo, bibi yangu alikuwa akipika mandazi akiuza hukohuko. Naiona Ng'ambo kwenye picha, vichochoro ndo vyenyewe, baraza ndo zenyewe, halafu mtu anafungua kinywa, naona kashuka boti leo asubuhi kutoka Dar. Si wote, lakini wametosha kunitoa kwenye hadithi. Mwajuma ndo alonipoza moyo, maana yule akizungumza nasikia nyumbani. Denge anazungumza siasa na watu wa mtaani kwake, watu wanahatarisha roho zao kwa maneno yake. Lazima maneno hayo yatoke kama ya mtoto wa palepale. Yakitoka kama hotuba ya mkutano wa Dodoma, nani atamfuata?

Ushauri wangu ni mfupi. Watu wa bara watuachie hadithi zetu.

Kijana wa Mbeya
Samahani, "watuachie"? Riwaya imetoka 1999, filamu 2021. Miaka 22 mlikuwa nayo peke yenu. Nani aliwazuia? Na riwaya zake nyingine, Kuli iko dukani tangu 1979, Kasri ya Mwinyi Fuad tangu 1978, nani kule amezigusa? Anakuja mtu anahangaika na fedha na wafadhili, anakitoa kitabu chenu kwenye shelfu na kukipeleka duniani, halafu mnamhesabia irabu.

Mimi ni Mnyakyusa. Kiswahili nimekianza nikiwa mtoto wa shule ya msingi na nimekipenda kuliko wengi waliozaliwa nacho. Vuta N'kuvute nimeisoma mara nyingi kuliko kitabu kingine chochote. Kwa kipimo chako mimi siwezi kumwigiza Denge hata nikifanya mazoezi mwaka mzima?

Mtoto wa Ng'ambo
Tulikuwa wapi? Tulikuwa hapahapa. Tamasha la filamu la ZIFF liko kwetu tangu mwishoni mwa miaka ya 1990, vijana wa hapa wanashika kamera, wanaandika, wanaigiza. Kisichokuwepo ni pesa, na pesa ikija inateremka Dar kwanza. Usinifanye kama tumelala.

Na mie sikusema Mnyakyusa asiigize. Nimesema akija, akae na sisi, ale na sisi, asikilize, ulimi uzoee. Miezi mitatu tu. Mwigizaji anajifunza kupanda farasi kwa ajili ya filamu, kuongea je?

Kijana wa Mbeya
Ulisema "watuachie hadithi zetu". Imeandikwa hapo juu, kila mtu anaiona.

Jirani wa Likoni
Hodi jamani, ni jirani yenu wa Mombasa. Nimewasoma toka juu na kuna kitu kimenichoma, si hiyo lafudhi. Huyu ndugu wa kwanza ataja Mombasa na Bukheti kama mizigo iloachwa gatini kwa sababu jahazi limejaa. Kwetu sisi hiyo ndiyo sehemu ya kitabu ilotushika! Yasmin aletwa Mombasa, mtoto wa watu, hamjui mtu, mume mzee, hana wa kuzungumza naye ila jirani. Ule upweke wa mtoto wa kike ndani ya chumba ndio wamwelezea kwa nini baadaye akimbia na kukubali kudharauliwa na jamaa zake wote. Ukiukata, basi Yasmin ni msichana tu alompenda mwanasiasa.

Na kuhusu lafudhi nitawaambia la kwetu. Tamthilia ya Maria ilipoanza runinga ya Citizen mwaka 2019, halafu Zora, halafu Sultana mwaka 2022, Kenya nzima ilikaa kuvitazama vipindi vya Kiswahili. Nyuma yake ni Jiffy Pictures, kampuni ya Rashid Abdalla na Lulu Hassan, watu tuliozoea kuwaona wakisoma taarifa ya habari kwa Kiswahili safi. Na Sultana yenyewe ni ya kwetu Pwani. Mtu wa Nairobi asozungumza Kiswahili nyumbani kwake alikaa akaifuata, na hakuna aloomba pwani ipunguzwe. Wapwani wakipewa nafasi watu hutazama.

Kijana wa Mbeya
Jirani karibu. Lakini Sultana si riwaya. Tunaongelea vitabu hapa.

Jirani wa Likoni
Mulikuwa mukiongelea vitabu? Mimi nimekuta lafudhi.

Mwalimu wa Fasihi
Naomba niseme kama mtu ninayekifundisha kitabu hiki kila mwaka. Kwangu filamu imeleta tatizo ambalo hamjaligusa. Nilitoa swali la kawaida kabisa, "Jadili Yasmin kama mwanamke anayepigania uhuru wake", wanafunzi wa kidato cha sita. Nikakusanya insha. Kundi zima limeandika Yasmin ambaye hadithi yake inaishia pale filamu inapoishia. Hakuna Bukheti, hakuna yale maisha yote anayopitia baada ya Denge. Mmoja ameeleza rangi ya taa ya chumbani, kitu ambacho Adam Shafi hakukiandika popote.

Nikamwita yule binti, mwanafunzi mzuri tu. Nikamwuliza kama amesoma kitabu. Akanijibu, "Mwalimu, kitabu kiko kimoja kwa watu sita. Simu ninayo." Sikuwa na la kumwambia siku ile.

Kwa hiyo naunga mkono wazo la tamthilia kwa moyo wote? Hapana. Nina hofu. Filamu ya saa moja na nusu imenipokonya nusu ya kitabu, tamthilia ya vipindi 30 itanipokonya chote. Mtoto atasema nimeshaiona yote, nisome ya nini.

Jirani wa Likoni
Mwalimu, kwa heshima, sikubaliani nawe. Sisi tukisoma Kidagaa Kimemwozea cha marehemu Ken Walibora, kundi la maigizo lilikuja ukumbini shuleni likatuchezea. Siku ile ndiyo wale wa nyuma kabisa darasani walianza kukitafuta kitabu. Walitaka kujua ni nini kimerukwa. Wengine walikuwa wakiwasimamisha waigizaji mlangoni kuwauliza mbona hamkuweka kile kisa cha sura fulani.

Mwalimu wa Fasihi
Huko kila mtoto alikuwa na nakala yake?

Jirani wa Likoni
Wengi walikuwa nayo, ndiyo.

Mwalimu wa Fasihi
Basi hapo ndipo tunapotofautiana, mimi na wewe hatugombani. Nipeni vitabu kwanza.

Fundi wa Sauti
Naingilia kwa sababu kazi ya kuingiza sauti tamthilia za nje nimeifanya. Kituo sikitaji. Watu mnazungumza juu ya Kiswahili cha Kituruki kama kimeanguka kutoka mbinguni.

Tafsiri inakuja ndefu kuliko mdomo. Mwigizaji wa Kituruki ameshafunga kinywa, wewe bado una maneno manne. Maneno yetu yanaishia kwa irabu, mdomo unabaki wazi, wakati Mturuki neno lake mara nyingi linaishia kwa konsonanti na midomo imeshakutana. Kwa hiyo unakaa na sentensi moja unaipindua mara kumi, unatafuta pa kupachika m au b ili ikutane na midomo yake. Unapoteza utani, unapoteza methali, wakati mwingine unapoteza hata hasira. Hapohapo unatakiwa ulie, kwa sababu picha inalia.

Na lafudhi? Tunaelekezwa Kiswahili kisicho na mtaa. Sultani, mpishi wake na mjakazi wake wanazungumza kwa mtindo mmoja, ule wa taarifa ya habari. Toka TBC ionyeshe Doudou na Mama Wakwe Zake mwaka 2011, ile ya Kichina, masikio ya watazamaji yamezoeshwa hivyo. Leo ukiniletea wahusika wanaozungumza Ng'ambo kwelikweli, mtazamaji wa Dodoma atapiga simu kituoni kusema haelewi. Nasema kwa uzoefu. Simu hizo zinapigwa.

Mtoto wa Ng'ambo
Haelewi?! Kiswahili cha Unguja ndo kilichochukuliwa kikafanywa sanifu kwa nchi zote hizi, leo mwenye nacho anaambiwa haeleweki! Hebu fundi rudia hilo neno taratibu.

Kijana wa Mbeya
Sanifu ilitengenezwa kwa lahaja ya mjini Unguja, sawa, lakini Kamati ya Lugha ilikaa tangu 1930 kuikarabati na kuisambaza, na wasemaji wake wengi leo wako bara. Mali ikishagawiwa haiwi ya mmoja tena.

Mama Wawili, Tabata
Nyinyi watoto endeleeni. Mimi nina deni na kaka wa Kariakoo na halijalipwa.

Amesema mtu wa Kituruki hawezi kupokea riwaya. Kaka, hao Waturuki ndio wamefanya hicho unachokililia! Aşk-ı Memnu, ile iliyosimamisha Istanbul nzima siku ya kipindi cha mwisho, ni riwaya ya Halit Ziya Uşaklıgil ya mwaka 1900. Wameifanya tamthilia kuanzia 2008 hadi 2010, vipindi 79. Yaprak Dökümü, riwaya. Çalıkuşu, riwaya. Hizo mbili ni za mwandishi mmoja, Reşat Nuri Güntekin, anayesomwa shuleni kwao kama tunavyosoma sisi kina Shaaban Robert. Yaani sisi tunaoitwa wajinga wa Kituruki tumekuwa tukitazama vitabu vya watu vilivyogeuzwa tamthilia miaka yote hii, na tumekaa mpaka kipindi cha mwisho.

Tena sikiliza hili. Aşk-ı Memnu waliihamishia Istanbul ya leo. Hawakushona mavazi ya zamani, hawakutafuta magari ya kale. Wamechukua kiini, mke kijana, mume mtu mzima, kijana wa nyumbani, wakakiweka kwenye jumba la leo. Sisi tunashindwa nini?

Kijana wa Mbeya
Mama, unaziandika herufi za Kituruki bila kukosea hata moja. Ungekuwa waziri wa utamaduni wa Ankara.

Mama Wawili, Tabata
Jibu hoja, mwanangu.

Mjukuu wa Kuli
Nitaijibu mimi. Huwezi kuihamishia Vuta N'kuvute leo. Mtoe Mwingereza, nini kinabaki? Denge amesoma Urusi, anarudi kwao anakuta serikali ya kikoloni imemfungia milango ya kazi, anasambaza maandishi yaliyopigwa marufuku, anakamatwa. Ukiweka hayo mwaka huu Zanzibar, ama unatengeneza hadithi nyingine kabisa, ama unatengeneza kitu ambacho hakuna kituo kitakachokirusha. Mapenzi ya Yasmin na Denge yana uzito kwa sababu kuna askari nje ya dirisha. Ukimtoa askari unabaki na binti na kijana, na hizo tamthilia tunazo tele, kila usiku, Maisha Magic Bongo na Sinema Zetu.

Na kitabu cha kwanza kufanyiwa tamthilia kingekuwa Kuli. Bandari, mgomo wa mwaka 1948, Rashidi anayekua mtoto wa mchukuzi hadi kuwa mtu anayejua kwa nini baba yake alikufa vile. Kila mfanyakazi wa bandarini Dar, Tanga na Mombasa angejiona.

Msomaji wa Kariakoo
Asante, angalau mmoja amerudi kwenye kitabu. Mama, hoja yako ya Aşk-ı Memnu nimeisoma. Nitaijibu kwa upande wa gharama, ingawa Mjukuu ameshagusa upande wa maana.

Miaka ya 1950 ni ghali kuliko jumba la Istanbul. Mji Mkongwe umo kwenye urithi wa dunia wa UNESCO tangu mwaka 2000, huwezi kutoboa ukuta wala kubadilisha mlango unavyotaka. Madishi kila paa. Nyaya za umeme zimening'inia kila uchochoro. Pikipiki zinapiga honi katikati ya mazungumzo. Beit el-Ajaib, jumba la zamani la masultani, ambalo kwa tamthilia ya ukoloni ungelitaka kwenye picha ya kwanza kabisa, sehemu yake iliporomoka Desemba 2020. Filamu inaweza kujificha vyumbani na usiku, dakika 90 zinapita. Vipindi 30 utajificha wapi?

Mtoto wa Ng'ambo
Filamu imepigwa hapahapa Unguja, na wewe ulotazama mara mbili umeliona dishi hata moja? Hukuliona. Watu wanajua kazi yao. Wanaomba mtaa, wanazungumza na sheha, wanafunga njia alfajiri, wanapiga. Mafundi wa seremala wa kutengeneza mlango wa zamani wako Darajani. Kinachokutisha wewe hakimtishi mtu wa hapa.

Msomaji wa Kariakoo
Alfajiri moja, sawa. Alfajiri za mwaka mzima?

Binti wa Maskati
Salamu kutoka Maskati. Bibi yangu aliondoka Unguja baada ya 1964 na hakurudi mpaka anakufa, sisi wajukuu Kiswahili tumekipata jikoni kwake. Tuliitazama filamu hii pamoja na mama na makhalati. Nyumba iligawanyika. Mmoja alitaka kusikiliza taarabu tu na kila siasa ikianza anakwenda kuchemsha chai. Mwengine alikasirika kwamba wanasiasa wa wakati ule wametiwa nuru mno. Mama alilia kwa ajili ya Yasmin na hakutaka kuzungumza na mtu.

Nna suali kwa kaka wa Ng'ambo. Umeandika mengi juu ya Denge anavyozungumza. Yasmin je? Yasmin ni mtoto wa Kihindi. Raza ni Muhindi. Ng'ambo ya kitabu si ya sauti moja. Bibi yangu alikuwa akituigiza majirani zake, Muhindi wa dukani na Kiswahili chake, Mngazija na chake, Mshihiri muuza kahawa na chake, mchukuzi aliyetoka bara akakaa Unguja miaka 30 na chake. Wote hao ni Unguja. Ukitaka kila mtu azungumze kama bibi yako muuza mandazi, basi na wewe unaifuta Zanzibar ya Adam Shafi.

Kijana wa Mbeya
"Mchukuzi aliyetoka bara." Nimeridhika. Sitaandika tena.

Mtoto wa Ng'ambo
Dada wa Maskati, mie sikatai Muhindi azungumze Kihindi chake, tena ningefurahi. Nakataa wote wazungumze kama wako studio moja. Lakini usinipe darasa la Ng'ambo kutoka Maskati. Sisi tulobaki ndo tulokula taabu za hapa.

Binti wa Maskati
Na sisi tulioondolewa hatukula? Tuheshimiane.

Mwalimu wa Fasihi
Ndugu zangu, hapo msifike. Nawaomba nyote wawili.

Nirudi kwa Mjukuu. Kuli nakubali. Ni fupi, ina mstari mmoja ulionyooka, mtoto anakua, baba anakufa, mgomo. Haini, riwaya yake nyingine, nisingeigusa kwanza, kamatakamata ya baada ya kuuawa Karume Aprili 1972 bado iko moyoni mwa watu walio hai, na tumeona hapa dakika hii inavyoweza kuwaka. Lakini Kuli inaingia sebuleni bila kumgombanisha mtu na jirani yake. Na kama kuna mwenye kituo anayesoma, kila kipindi kikiisha iandikwe kwenye skrini sura ya kitabu iliyochezwa, na nakala ziuzwe kwa bei ya mwanafunzi. Hapo hofu yangu itapungua sana.

Mama Wawili, Tabata
Mwalimu, hilo la sura ni zuri. Na waanze mapema, saa mbili, watoto hawajalala.

Fundi wa Sauti
Kuli ina kitu kimoja kigumu ambacho hamkisemi, bandari yenyewe. Nyimbo za wachukuzi wakiinua gunia, sauti ya winchi, mnyapara akiita majina. Hizo huwezi kuziokota studio. Na mnyapara yule hawezi kuita majina kwa Kiswahili cha taarifa ya habari, hilo namkubalia kaka wa Ng'ambo.

Jirani wa Likoni
Wachukuzi wa zamani Mombasa bado wako, wazee, wakumbuka nyimbo. Mimi mwenyewe nawajua wawili wakaao karibu na kivuko. Mukija niambieni, nitawapeleka.

Msomaji wa Kariakoo
Sasa tumeiacha kabisa Vuta N'kuvute. Nilikuwa nauliza kama ilistahili tamthilia, mpaka sasa nimepata jibu la mtu mmoja na nusu.

Mtoto wa Ng'ambo
Ilistahili. Jibu langu hilo, kamili. Lakini na fundi bado sijamaliza naye, lile neno lake limenikaa. Haelewi mtu wa Dodoma! Toka enzi ya Redio Tanzania sisi tumekaa na redio zetu Unguja tukiwasikiliza wa bara, Pwagu na Pwaguzi, Twende na Wakati, taarifa, matangazo ya mpira, lafudhi za kila kabila. Hakuna siku tulipiga simu kusema hatuelewi. Tulisikiliza, tukazoea, tukacheka wanapocheka. Mtu wa Dodoma naye ana masikio mawili. Kipindi cha kwanza atauliza, cha pili atauliza kidogo, cha tatu kazoea. Kama kituo kinaogopa, kiweke maandishi chini ya picha. Sauti za watu wasiziguse.